Nani hakuja leo? Mwongozo wa kutumia simu kuwaunganisha waumini wa kanisa dogo Zanzibar

Jumapili moja baada ya misa, mama mmoja wa jumuiya yetu, kikundi chetu cha sala cha mtaani, aliniuliza habari za kijana wa kwaya anayefanya kazi hotelini Kiwengwa. Nikamjibu bila kufikiri: "Yupo mama, jana usiku tu nimemwona kwenye grupu." Kumbe kijana ana wiki ya tatu kitandani. Alianguka na vespa, mguu umefungwa plasta, na anayempikia uji ni jirani yake wa chumba cha pili, Mwislamu, ambaye hata kanisa letu hajui liko wapi. Grupu letu la WhatsApp lilikuwa na watu 140. Kila alfajiri lilijaa picha za maua na mistari ya Biblia, na kijana mwenyewe alikuwa akiitikia "amina" akiwa palepale kitandani.

Tangu siku ile sihesabu tena watu waliomo kwenye grupu. Nauliza tu: nani hakuja leo, na nani ameshampigia? Haya ninayoyaandika ni yale tuliyojifunza kwa kujaribu, mengine kwa kukosea, katika parokia ndogo pembezoni mwa mji wa Unguja. Nayaandika kwa ajili ya makatibu, makatekista na viongozi wa jumuiya wa Unguja na Pemba, kwa sababu hali yetu hailingani na ya Dar es Salaam. Wakristo huku ni wachache na wametawanyika. Wengi wametoka bara kwa kazi: mhudumu wa hoteli Nungwi, askari, nesi, mwalimu wa skuli Wete, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Hawana mjomba mtaa wa pili. Akiumwa mtu kama huyo, kanisa ndilo ukoo wake.

Hatua ya kwanza: daftari

Kabla ya kufungua grupu lolote, wajue watu. Nunua daftari la kurasa ngumu, lipitishe kwenye mabenchi Jumapili nne mfululizo. Nasema nne kwa makusudi. Mtu wa hoteli akipangiwa zamu ya Jumapili unaweza kumwona mara moja kwa mwezi, na ukiandikisha siku moja tu utapata watu wa mjini peke yao, halafu utadhani hao ndio kanisa zima.

Andika jina analoitwa mtu, si la kitambulisho pekee. Andika namba anayopatikana, maana wengi wana laini mbili na moja ni ya bando tu. Andika mtaa na alama ya nyumba: "Tomondo, njia ya msikitini, geti la kijani" inamfikisha mgeni, "Tomondo" peke yake haimfikishi mtu popote. Andika kama simu yake ni kitochi au simu janja. Andika nani apigiwe akipatwa na jambo. Na usisahau safu ambayo sisi tulichelewa mno kuiweka: siku yake ya mapumziko.

Safu hiyo ilitubadilishia mambo. Tulipoijaza tuligundua kuwa watu kumi na moja wa ukanda wa Kiwengwa na Pwani Mchangani, ambao tulikuwa tukiwaita "wavivu wa ibada", walikuwa wanapumzika Jumanne au Jumatano. Hakuna aliyewahi kuwauliza. Sasa Jumatano jioni kuna jumuiya hukohuko, chumbani kwa mmoja wao, na katekista huchukua daladala ya kwenda shamba kuwafuata.

Daftari likishajaa, mtu mmoja mwenye mkono mzuri aliingize kwenye jedwali, kwa mfano Google Sheets, na walione watu watatu tu: padre, katibu, na kiongozi mmoja wa kina mama. Lisitumwe kwenye grupu, lisipigwe picha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, namba ya simu ya binti wa watu si kitu cha kuzagaa. Daftari lenyewe la karatasi libaki sakristia, chumba cha vyombo vya ibada. Nitaeleza kwa nini.

Kila Jumapili kiongozi wa jumuiya anatia alama kwa waliokuja. Hapo ndipo teknolojia inapoanza kufanya kazi. Mtu akikosekana mara mbili bila ya zamu, anapigiwa simu. Nasema anapigiwa: asitumiwe meseji. Akikosekana mara tatu, watu wawili wanakwenda kwake. Jedwali linaweza kupangwa libadilike rangi mtu akikosa mara mbili. Kijana yeyote aliyesoma kompyuta kidogo atakufanyia kwa nusu saa.

Hatua ya pili: ubao na baraza

Grupu moja la kila kitu huua mambo yote mawili, matangazo na mazungumzo. Tangazo la msiba linazama chini ya pongezi arobaini za siku ya kuzaliwa. Tengeneza mawili.

La kwanza liite Ubao. Kwenye mipangilio ya grupu ruhusu wasimamizi peke yao kutuma ujumbe. Humu zinaingia ratiba, misiba, wagonjwa walioridhia kutangazwa, na mabadiliko ya saa. Ujumbe usizidi mmoja kwa siku, isipokuwa pana msiba. Watu wakijua Ubao hauwachoshi, simu ikilia wanaangalia.

La pili liite Baraza. Hapa watu wakae, wataniane, waulizane nani anauza jiko la gesi, nani anajua chumba cha kupanga Fuoni. Sisi mwanzo tulikataza mazungumzo kama haya, tukitaka "mambo ya kiroho tu". Nakiri tulikosea. Mgeni aliyeshuka boti jana hamjui mtu. Akipata chumba kupitia kwa mwenzake wa kanisani, ameshapata kaka. Yanayokatazwa Barazani ni machache: siasa za vyama, maneno ya kuwadharau Waislamu au madhehebu mengine, na ujumbe wa kufowadi wenye alama ya mishale miwili, ambayo maana yake umeshapita mikononi mwa watu wengi. Ujumbe wa namna hiyo msimamizi anaufuta na kumwandikia aliyeutuma pembeni, kwa upole. Asimkaripie mbele za watu.

Wasimamizi wawe watatu, angalau mmoja mwanamke na mmoja kijana. Grupu la WhatsApp linaingiza hadi watu 1,024, kwa hiyo nafasi si tatizo kwa kanisa kama letu. Tatizo ni nani anapokea mgeni. Anapoingia mtu mpya, msimamizi atume ujumbe wa sauti wa nusu dakika kumtambulisha: jina, anakotoka, jumuiya aliyopangiwa. Halafu watu wawili wa mtaa wake wapewe kazi ya kumpitia Jumapili ya kwanza, waje naye kanisani.

Tahadhari moja ya ratiba: kura ya WhatsApp ni nyenzo nzuri ya kuchagua siku ya jumuiya, lakini mwezi wa Ramadhani usipange kikao karibu na magharibi. Daladala huwa haba watu wanapokimbilia futari, na wenye nyumba wetu wengi wako kwenye maandalizi. Panga mapema alasiri au subiri Jumamosi asubuhi.

Hatua ya tatu: wenye vitochi

Robo ya parokia yetu haimo kwenye grupu lolote, na ndio hasa waliolibeba kanisa hili. Bibi mmoja wa Mbweni, ambaye sauti yake ndiyo inayoanzisha nyimbo zetu za zamani, ana kitochi kilichofungwa kwa mpira wa madawa. Kwa miezi sita baada ya sisi kuanza grupu hakupata tangazo hata moja. Alipouliza akaambiwa, "Bibi, tulituma kwenye grupu."

Dawa yake ni mnyororo wa simu, na ni kazi nyepesi kuliko inavyosikika. Kila mwenye simu janja anapewa mwenye kitochi mmoja au wawili, ikiwezekana wa mtaa wake. Tangazo likiingia Ubaoni lenye alama ya kengele, anampigia mtu wake kabla ya kulala. Dakika mbili zinatosha: "Shikamoo bibi. Tumsifu Yesu Kristo. Misa ya kesho imesogezwa hadi saa tatu, kuna ubatizo. Goti linaendeleaje?" Hilo swali la goti ndilo bibi analolisubiri. Kijana aliyepangiwa bibi huyo akawa anampelekea samaki kila akitoka mnadani, na hakuna aliyemtuma.

Mnyororo huu pia ndio bima yenu. Waliokuwepo Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu ya giza baada ya hitilafu kwenye waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara, wanajua simu janja bila chaji ni kioo tu. Kitochi kinakaa na chaji siku kadhaa. Na daftari la karatasi liko sakristia kwa sababu hiyohiyo.

Hatua ya nne: neno la kusikiliza

Kila anayeanza anataka kurusha misa mubashara. Ninawaelewa, lakini fanyeni hesabu ya bando kwanza. Video ya saa moja inakula mamia ya megabaiti kwa kila anayeitazama, na anayeihitaji zaidi ni yule aliye zamu, ambaye simu yake imefungiwa kabatini. Ujumbe wa sauti wa dakika kumi haufiki hata megabaiti tano. Anaupakua usiku, anausikiliza asubuhi kwenye gari la wafanyakazi, spika moja sikioni.

Tunafanya hivi. Simu ya katekista inawekwa kwenye mimbari, imezimwa mtandao isilie, juu ya kitambaa ili isichukue mtikisiko wa mbao. Inarekodi mahubiri peke yake. Mchana kijana mmoja anakata mwanzo na mwisho, zinabaki dakika kumi au kumi na mbili, na kabla ya saa kumi jioni imeshafika Ubaoni. Chini yake linawekwa swali moja la kujadili Barazani, swali la maisha. Tuliwahi kuuliza, "Mgeni akikuachia pesa mezani na mwenzako ndiye aliyemhudumia, unafanyaje?" Watu wa hoteli waliandika mpaka saa sita usiku. Wengine hawakuwahi kusema neno kanisani kwa miaka miwili.

Kijana huyo anayekata sauti hana umri wa kupiga kura bado, na wazee walisitasita kumwachia mahubiri ya padre. Niliwakumbusha habari za Askofu Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyefika Unguja mwaka 1864. Misheni yake ilikuwa na mashine ya kuchapa, na waliofundishwa kupanga herufi za Kiswahili walikuwa wavulana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Vitabu vya sala vya mwanzo vilipita kwenye mikono ya watoto. Wazee wakakubali.

Mubashara tumeibakizia kazi moja, nayo ni misiba. Mtu wetu akifariki huku, mama yake yupo Songea au Kigoma na hawezi kuwahi boti. Hapo tunachanga bando, tunaweka simu kwenye stendi karibu na maiki, tunapiga simu ya video kwa familia peke yao, na mmoja wetu anabaki kwenye laini kuwaeleza kinachoendelea na kuwasikiliza wakilia. Jaribuni mtandao mahali penyewe siku moja kabla. Kuta nene za makanisa ya zamani hula mawimbi, na mara nyingi inabidi simu ikae karibu na dirisha. Pauabenki iwe imejaa.

Hatua ya tano: pesa

Sadaka kwa simu inasaidia walio zamu, ila imevunja makanisa pia. Lipa namba iandikishwe kwa jina la kanisa. Mtu anapotaka kulipa anaona jina kabla ya kuweka namba ya siri; akiona jina la mtu binafsi, hata la mhasibu mwaminifu kuliko wote, maswali yataanza. Kila Jumatatu mhasibu aweke Ubaoni mistari mitatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Majina ya watoaji yasiandikwe. Aliyetoa elfu mbili na aliyetoa laki wote wasome jumla ileile.

Sasa wizi. Mwenyekiti wa kwaya alipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya heshima, akaambiwa kuna semina ya viongozi wa makanisa na kwamba atatumiwa namba sita za kumwandikisha, azisome. Akazisoma. Zile zilikuwa namba za kuhamisha WhatsApp yake. Ndani ya dakika kumi watu thelathini walikuwa wamepokea ujumbe kutoka kwake: "Mpendwa, niko hospitali, nisaidie elfu hamsini, nitarudisha jioni." Wanne walituma. Mmoja ni mama muuza mandazi, na ilikuwa pesa ya unga wa wiki nzima.

Baada ya hapo tulikaa mkutano mzima baada ya misa, simu mkononi, vijana wakipita benchi kwa benchi kumsaidia kila mmoja kuwasha uthibitisho wa hatua mbili: fungua mipangilio ya WhatsApp, ingia Akaunti, chagua uthibitisho wa hatua mbili, weka namba ya siri ya tarakimu sita unayoikumbuka wewe. Ilichukua dakika arobaini. Fanyeni na ninyi, tena kabla hamjaibiwa. Pia tulikubaliana kuwa hakuna mchango wowote, hata wa msiba, unaokwenda kwenye namba ambayo haikutangazwa kwa mdomo kanisani au kuthibitishwa kwa kupigiana simu na kusikia sauti. Yule mama tulimchangia akarudi kwenye mandazi yake.

Hatua ya sita: siri za watu

Hapa naomba usome taratibu, ndugu yangu.

Tulikuwa na utaratibu wa kutuma maombi ya sala kwenye grupu. Mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliandika jina la dada fulani na ugonjwa wake, tuuombee. Ugonjwa ule dada hakumwambia mtu ila huyo mmoja. Ujumbe ulikaa dakika kumi na tano kabla ya kufutwa, na dakika kumi na tano zilitosha kwa skrinishoti kufika kazini kwake. Hakurudi kanisani kwetu. Nilikwenda kwake mara mbili, mara ya pili alinikaribisha chai, tukanywa, hatukuzungumza habari hiyo.

Sasa ombi la sala linakwenda kwa kikundi cha watu watano wazima, kina mama watatu na kina baba wawili, walioahidi mbele ya padre kutunza siri, na ujumbe wao umewekwa ufutike wenyewe baada ya saa 24. Ubaoni inaandikwa tu: "Tumwombee ndugu yetu mmoja, Mungu anamjua." Mgonjwa akitaka jina lake litajwe, atasema mwenyewe.

Picha ni jambo jingine la huku kwetu. Si kila aliyeketi benchi la nyuma amewaambia ndugu zake kwamba yupo pale. Wengine wana familia mchanganyiko, wengine wamekuja kusikiliza tu, na picha moja iliyowekwa Facebook kwa furaha ya Krismasi inaweza kumletea mtu maneno nyumbani kwa mwaka mzima. Kwa hiyo mpiga picha wetu anapiga kutoka nyuma au anapiga kwaya, ambao wameridhia kwa maandishi kwenye daftari. Watoto hawapigwi nyuso bila ya mzazi kukubali, na picha yao haiandikwi jina la skuli wala mtaa. Kabla ya misa inatangazwa: mabenchi mawili ya kushoto nyuma hayapigwi picha kabisa. Watu wameanza kuyaita "mabenchi ya amani", na hujaa mapema.

Hatua ya mwisho: makabidhiano

Watu wetu huhama. Askari anapata uhamisho, mkataba wa hoteli unaisha msimu wa masika, mwanafunzi anamaliza. Kijana aliyetufungulia ukurasa wa kwanza wa mtandaoni aliufungua kwa namba yake na barua pepe yake. Akapata kazi bara, simu ikapotea njiani, na picha zote za miaka mitatu, pamoja na za harusi na za marehemu, zikawa haziguswi na yeyote. Hakuwa na kosa. Hatukuwahi kumwomba akabidhi.

Nunueni laini moja ya kanisa, iandikishwe kihalali, ikae kwenye simu ya bei nafuu isiyotoka ofisini. Kila kitu kifunguliwe kwa namba hiyo na kwa barua pepe ya kanisa. Laini iwekwe vocha kila mwezi, maana laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba yake ikapewa mtu mwingine. Nywila na namba za siri ziandikwe kwa kalamu kwenye karatasi, zifungwe ndani ya bahasha, padre na katibu watie saini juu ya gundi, na bahasha iwekwe pamoja na vyeti vya ubatizo. Kila zinapobadilishwa, bahasha mpya inawekwa na ya zamani inachomwa.

Na mtu anapoaga kanisani siku ya mwisho, kabla hajaimbiwa, katibu anafungua daftari mbele yake. Wanasoma pamoja wale aliokuwa akiwapigia, jina kwa jina, na palepale kila jina linapata mtu mwingine. Kijana wa Kiwengwa, yule wa mguu, ameondoka mwezi uliopita kwenda Mkoani, Pemba. Bibi wa Mbweni alikuwa kwenye orodha yake. Aliyemchukua ni binti wa sekondari, na jioni ileile kabla ya kulala alikuwa ameshapiga.